Upande wa Watu wa Bukoba

Upande wa kushoto wa mlango palitandikwa mikeka miwili na kupangwa viti sita vya kuazima, na mpaka saa nne ya asubuhi hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeketi hapo. Kuku alipita juu ya mkeka, akadonoa, akafukuzwa, akarudi tena. Upande wa kulia ukoo wa marehemu Shitanda ulikuwa umejaa mpaka kwenye migomba.

Musimbi aliitazama ile mikeka mitupu. Ilikuwa siku ya nne tangu mama yake, mjane wa Shitanda, azikwe, siku ya kunyoa. Kwa watu wa pale, kandokando ya msitu wa Isecheno, siku hiyo waliofiwa hukaa pande mbili: huku ukoo wa mume, kule watu wa kwao marehemu. Kabla wembe haujagusa kichwa cha mtu, maisha ya marehemu husimuliwa yote, tangu alikozaliwa mpaka alikolazwa. Mwenye haki ya kusimulia ni mtu wa kwao. Akimaliza, anaweza kuomba kitu kimoja katika vilivyoachwa, na si rahisi kumnyima. Lakini watu wa kwao wasipofika, ukoo wa mume husimulia wenyewe na hukata mambo wenyewe.

Na ukoo ulikuwa umekwisha kumchagua msemaji wake. Alikuwa Erastus, mdogo wake Shitanda, baba mdogo wa Musimbi. Erastus hakuwa mtu mbaya. Kaburi la shemeji yake alilichimba kwa mikono yake, na siku tatu hakwenda shambani. Lakini asubuhi ile, akifunga vifungo vya koti, Musimbi alimsikia akimwambia mkewe Jescah kwamba shughuli ikiisha tu, mahindi yake yatahamia kwenye nyumba ya darasa kabla mvua haijayaozesha.

"Na wanawake watasomea wapi?" Jescah aliuliza.

"Watasoma nini, na mwalimu yuko chini ya udongo?"

Musimbi hakutaka shamba wala ng'ombe. Alitaka ile nyumba ya darasa, ya udongo, yenye madirisha mawili na sakafu iliyosiribwa kwa samadi, ibaki darasa. Hakuna kingine alichokiomba usiku na mchana tangu Jumapili. Ila alijua kwamba ili ibaki, lazima mtu asimame mbele ya ukoo mzima na kusema mama yake alikuwa nani. Na yeye, kwa umri wake wa miaka kumi na tisa, hakuwahi kusema neno mbele ya watu zaidi ya wanne.

Kosa lililoiacha mikeka ile mitupu lilianza zamani, kabla hajazaliwa. Pale kijijini, mtu yeyote aliyevuka ziwa kutoka upande wa magharibi aliitwa Muganda. Ukipika ndizi kwa majani yake, Muganda. Ukipiga goti kumsalimu mkubwa, Muganda. Mama yake aliitwa Kokugonza, naye alikuwa Mhaya wa Bukoba, nchi ya Tanganyika. Miaka ya kwanza alikuwa akiwasahihisha. "Mimi si Muganda," alisema. "Ndiyo, Muganda, tumekusikia," walimjibu, wakacheka, naye akacheka nao. Mwishowe akaliacha jina limpande kama mzabibu unavyopanda ukuta.

Kwa hiyo alipofariki, Erastus alikimbia mpaka barabarani na kusimamisha lori lililokuwa likielekea Kampala. Alimweleza dereva kwa kituo, jina la marehemu na siku ya kunyoa, awatafute watu wake huko. Musimbi alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale, na debe la maji kichwani. Alijua. Alifungua mdomo, akaona wanaume sita wamemgeukia, akaufunga. Lori likaondoka kupeleka Uganda habari za msiba wa mwanamke ambaye hakulala Uganda hata siku moja.



Hofu yake ya watu ilikuwa na historia. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa shule alimsimamisha juu ya benchi kwa sababu hakujibu swali. Jibu alikuwa nalo. Macho ya wenzake ndiyo yaliyomziba koo. Alisimama juu ya benchi mpaka kengele ya mwisho, na kesho yake hakurudi, wala mwaka uliofuata. Watu walipata la kusema. "Mwalimu mzima, na mtoto wake hajui shule ilipo!" Kokugonza hakumchapa na hakumburuta. Alimpa ungo.

Maana darasa la Kokugonza halikuwa na ubao. Lilikuwa na nyungo zilizotandazwa majivu laini, na mtu aliandika kwa kidole, akatikisa ungo, akaandika tena. Kazi ya Musimbi ilikuwa kupita nyuma ya wanawake, kuwashika vifundo vya mikono na kuwaongoza. Huko hakuhitaji kusema. Miaka tisa alishika mikono ya wanawake wa kijiji kile, mpaka akaweza kumtambua mtu kwa uzito wa mkono wake akiwa amefumba macho.

Sasa Mzee Lihanda, mkubwa wa ukoo, aligonga fimbo yake chini mara mbili. Watu wakanyamaza.

"Mulembe, amani kwenu, watoto wangu. Tumengoja watu wa kwao huyu mama. Jua limepanda. Je, kuna aliyewaona njiani?"

Watu walitikisa vichwa.

"Basi. Erastus, simama utusimulie shemeji yako."

Erastus alisimama, akavuta koti. "Wakubwa, mulembe. Mimi si mtu wa maneno mengi. Huyu mama alikuwa Muganda. Kaka yangu alimtoa kwao Uganda zamani zile za dhahabu, wakati Wazungu wanachimbua kila kilima hapa Kakamega. Alikuwa mke mwema. Alizaa mtoto mmoja, huyu Musimbi. Alijua kupika ndizi. Alipenda kukaa na akina mama, wakipiga hadithi huko kwenye nyumba yake ndogo. Mungu amlaze pema. Sasa kuhusu hiyo nyumba ndogo..."

Wakipiga hadithi. Musimbi aliona akina mama waliokaa nyuma, kwenye majani, wakitazamana. Walikuwa zaidi ya thelathini. Mbele yao alikaa Kukhu Risper, bibi kizee aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza wa Kokugonza, mdomo umemkaza kama mtu anayeshikilia sindano kwa meno.

Musimbi alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka. Macho yote ya ua ule yalimjia, na koo likaanza kuziba palepale lilipozibia miaka tisa iliyopita. Hakuwa na hotuba. Hakujua hotuba huanzaje. Kitu pekee alichokijua ni namna mama yake alivyolianza darasa kila siku, kwa sababu Kokugonza hakuwa anaeleza jambo kabla hajaliuliza. Aliuliza, anayejua akajibu, wote wakarudia, ndipo wakaandika. Musimbi aliupa ukoo mgongo. Akawatazama akina mama peke yao, nyuso alizozijua, mikono aliyoijua.

"Kukhu Risper," alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu aliletwa na chombo gani?"

Kukhu Risper aliinua kichwa. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa na marehemu. Kisha akatikisa mabega, akajibu kama anavyojibu darasani, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto.

"Meli! Shitanda alikuwa anatia kuni na makaa kwenye meli ya ziwani. Alimwona bandarini, binti wa shule ya masista, anasoma kitabu huku ametwika ndizi kichwani. Akaanguka na gunia la makaa!"

"Akaanguka na gunia la makaa!" wakarudia akina mama wote, na ua mzima ukacheka. Hata Mzee Lihanda alipangusa jicho.

"Walishukia wapi?" Musimbi aliuliza. Sauti ilikuwa imepanda kidogo.

"Kisumu!" akajibu Zainabu, mchuuzi wa chumvi aliyehamia pale kutoka Mumias. "Na kutoka Kisumu walikuja kwa miguu mpaka Kakamega, siku mbili, naye amevaa viatu vya kuazima. Alinionyesha kovu la kisigino, wallahi."

"Siku mbili kwa miguu!" wakarudia.

"Alianza kufundisha kwa sababu gani?"

Hapo Kukhu Risper akasimama kabisa, akajifunga leso upya kiunoni.

"Kwa sababu yangu. Mzee wangu alikuwa reli, huko Nakuru. Akiandika barua, napeleka dukani nisomewe. Mwenye duka ananisomea mbele ya watu wote, mambo ya chumbani yote, watu wanakohoa. Siku moja mzee anakuja likizo ananiuliza, yale mablanketi mawili niliyokutumia uyachukue dukani, yako wapi? Nikasema mablanketi gani? Kumbe yule msomaji alikuwa anarukanga mstari! Mablanketi wanalalia watoto wake!"

"Alikuwa anaruka mstari!" wakarudia akina mama, na safari hii kulikuwa na hasira ndani yake, na wanaume wawili watatu wakatazama chini.

"Nikaenda kwa Mwalimu nikilia. Hakunipa pole. Aliniambia, kaa hapo, leta kidole. Baada ya miezi minane nilisoma barua yangu mwenyewe, nimefunga mlango."

Erastus alikuwa bado amesimama, mkono mmoja mfukoni. "Binti," alisema, bila ubaya, "hayo ni mazuri. Lakini siku hii ina utaratibu. Wa kusimulia ni watu wa kwao. Wao hawakuja, na sisi ukoo ndio..."

"Baba mdogo," Musimbi alisema. Aligeuka. Sasa aliutazama ukoo uso kwa uso, na ajabu ni kwamba koo halikuziba, kwa sababu swali lilikuwa tayari mdomoni na swali lilihitaji kutoka. "Kwao ni wapi?"

"Si nimesema? Uganda."

Akina mama wote thelathini wakavuta pumzi kwa pamoja, wakangoja. Walijua kinachofuata. Katika darasa la Kokugonza mtu aliyekosea hakuchekwa wala hakuchapwa. Alitoka nje ya mlango, akabisha hodi, darasa likamkaribisha, akaingia na kujibu upya. Mwalimu alisema kosa libaki huko nje na mwenye kosa arudi ndani. Alikuwa amewatoa nje wake za wazee wa mtaa, na mke wa mchungaji, na siku moja alijitoa mwenyewe.

"Toka, uingie tena," Musimbi alisema.

"Nini?"

"Toka nje ya lango, Baba mdogo, ubishe hodi, uingie tena."

Kicheko kilianzia kwa watoto kikapanda mpaka kwa wazee. Erastus alimtazama Mzee Lihanda, akitafuta msaada.

"Nenda tu, Erastus," alisema mzee. "Ungeniuliza mimi, ningetoka nawe. Mwaka huu wa thelathini na moja namwita Muganda."

Erastus alitembea mpaka langoni, koti limemkaa vibaya, mbwa akimfuata. Alisimama barabarani, akatazama huku na huku kuona kama kuna jirani anayepita. Kisha ikasikika sauti yake, nusu hasira nusu kicheko: "Hodi!"

"Karibu!" likajibu darasa zima.

Aliingia. Alipokuwa katikati ya ua alisimama, na uso ukambadilika. "Basi nisaidieni," alisema. "Jibu sina."

Aliyemsaidia alikuwa Jescah, mkewe, aliyekaa upande wa ukoo na mtoto mapajani. "Bukoba, Baba Maina," alisema taratibu. "Tanganyika. Nilipoolewa hapa alinifundisha kupika, na kila alipokoroga alisema, kwetu Bukoba tunafanya hivi. Hukusikia hata siku moja?"

"Bukoba," Erastus alirudia. Kisha akakaa chini kwa uzito. "Na mimi nimetuma habari Kampala."

"Nilikuwepo," Musimbi alisema. "Nilikusikia ukimweleza dereva, nikanyamaza. Lile ni kosa letu wawili, Baba mdogo. Watu wa kwetu Bukoba hawajui mpaka sasa kwamba mtoto wao amekufa."

Alilisema mbele ya watu zaidi ya mia, na hakutetemeka. Alishangaa baadaye, alipoliwaza, kwamba jambo zito kuliko yote ndilo lililotoka kwa wepesi.

Mzee Lihanda alizungusha fimbo kwenye vumbi. "Basi hakuna wa kuwasemea," alisema. "Na bila wao, kwa desturi..."

Kukhu Risper hakungoja amalize. Aliinua ungo wake aliokuwa ameuweka kando, akapita katikati ya ua, akaenda kukaa kwenye mkeka wa kushoto. Zainabu akamfuata. Halafu mmoja, halafu watatu, halafu wote, wakisukumana na kupeana nafasi, mpaka mikeka ikajaa na viti sita vikajaa na wengine wakakaa chini kwenye vumbi. Kuku alikimbia kwa kelele.

"Haya ni nini tena, Risper?" mzee aliuliza. "Huo ni upande wa watu wa kwao. Nyinyi mmezaliwa Bukoba lini?"

"Hatukuzaliwa Bukoba," Risper alijibu. "Tulizaliwa na Mwalimu, humo ndani." Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya darasa. "Mimi nilizaliwa nikiwa na meno na wajukuu. Kama mtoto wa mtu si mtu wa kwake, kuka, mzee wetu, utuambie ni nani."

Mzee Lihanda aliinamisha kichwa. Wazee wawili walimnong'oneza, mmoja sikio hili, mwingine lile. Aliwasikiliza wote, akawasukuma kwa kiwiko.

"Desturi hii iliwekwa ili marehemu asikose mtu wa kumjua," alisema. "Leo nimewasikia wanaomjua. Wanamjua kuliko sisi tuliokula kuku wake. Endeleeni. Malizeni kumsimulia."

Wakaendelea. Musimbi aliuliza, wao wakajibu. Walisimulia Shitanda alipofariki, na Kokugonza akakataa kurudi kwao kwa sababu darasa lilikuwa limefika katikati ya kitabu. Walisimulia siku baada ya uhuru, mwezi wa Desemba, Zainabu alipopanda juu ya gunia la chumvi sokoni na kulisoma gazeti zima kwa sauti, mpaka matangazo ya baiskeli, na wanaume wakasimama kumsikiliza. Walisimulia ukali wake, maana hakuwa malaika. Alimfukuza mtu kwa kuchelewa. Alikuwa mchoyo wa chumvi. Hakusahau neno baya, hata la miaka kumi. Walipofika kwenye wiki ya mwisho, alipofundisha akiwa amelala kwenye mkeka na Musimbi akiwapitia nyuma, sauti zao zilishuka, lakini hazikukatika.

"Sasa," alisema Mzee Lihanda. "Watu wa kwao wamesimulia. Wana haki ya kuomba kitu kimoja. Mnaomba nini?"

"Nyumba ya darasa," Risper alisema. "Pamoja na mwalimu wake."

"Mwalimu gani?" Erastus aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua. "Mimi sikatai, mama. Lakini nyumba bila mwalimu ni kibanda. Nani atafundisha?"

"Huyo aliyekutoa nje sasa hivi."

Ua ulilipuka kwa kicheko, na Erastus mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Alipopata pumzi aliinua mikono miwili juu. "Basi, basi. Nimeshindwa mahakamani. Lakini huyu alitoka shule darasa la nne, Kukhu."

"Na mimi sikuingia hata la kwanza," Risper alisema. "Aliyenishika mkono ni yeye."

Mzee Lihanda alimgeukia Musimbi. "Binti, nyumba ni darasa. Nimekwisha kusema, na ukoo umesikia. Lakini mwalimu siwezi kukufanya mimi. Utaweza?"

Musimbi alifikiria vyombo vilivyomo mle ndani, nyungo kumi na nne, gunia la majivu yaliyochekechwa, kitabu kimoja kisicho na jalada. Alifikiria yale anayoyajua na yale asiyoyajua, na kwamba yale asiyoyajua atayasoma usiku wa kuamkia siku ya kuyafundisha, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Nitaweza," alisema.

"Sema wasikie."

"Nitaweza!" Akawageukia akina mama waliokaa upande wa kushoto. "Jumatatu, saa nane. Kazi ya kwanza ni barua ya Bukoba. Mimi nitaandika juu ni kwa nani, na kila mmoja wenu ataandika mstari wake mwenyewe. Atakayekuja na maneno ya kuchekesha ayaweke katikati, mwanzoni tuwape pole."

"Jumatatu mimi nina soko!" Zainabu alilalamika.

"Basi njoo na karatasi zako za kufungia chumvi. Tutaandikia hizo."

"Na mimi?" Erastus aliuliza kutoka upande wake. "Mimi ndiye niliyepeleka msiba Kampala. Nina la kuwaambia wale watu."

"Jescah atakuandikia, Baba mdogo. Akishajifunza."

Jescah alihamisha mtoto bega la pili na kumtazama mumewe, akingoja aseme kitu. Erastus akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Mzee Lihanda aliagiza maji na wembe, na Musimbi, kwa kuwa alikuwa mtoto wa marehemu, akaenda kukaa wa kwanza kwenye kigoda na kuinamisha kichwa.